Nafasi ya Mwenzake: Tulivyorekodi Gitaa la Baba Chumba cha Cherehani

Leo hatuna mshono mpya wa dera wala khabari ya kitambaa kilichoshuka Darajani. Leo tuna khabari ya gitaa la umeme, na tunaomba mtusome mpaka mwisho kabla hamjauliza tumepatwa na nini.

Kwa wasiotujua, sisi ni ndugu wawili, mtu na mdogo wake. Tuna chumba cha ushonaji Mwanakwerekwe chenye cherehani nne, tunashona sare za skuli, madera na mapazia. Mkubwa alimaliza kidato cha nne akaenda chuo cha amali kujifunza ushonaji. Mdogo alifundishwa na mkubwa. Hakuna katika sisi aliyesomea muziki, umeme wala kompyuta. Haya tuliyoyajua tumeyajua kwa kukosea, na tunayaandika kwa sababu huenda na nyinyi mna mzazi nyumbani ambaye sauti yake haijawekwa popote.

Vidole vya Baba vilianza kumkatalia mwaka juzi. Kwanza alishindwa kufunga vifungo vya shati, tukavitoa tukamtilia zipu. Kisha akashindwa kushika kikombe kwa mkono mmoja. Daktari akasema ni baridi yabisi. Dawa zitapunguza maumivu, lakini viungo vilivyokwisha kupinda havitarudi kuwa kama zamani. Baba alisikiliza, akashukuru, akatoka. Tulipokuwa ndani ya daladala ndipo aliposema, kama anayezungumza na dirisha: "Basi gitaa ndio kwaheri."

Sisi tulitazamana. Gitaa lile lilikuwa uvunguni mwa kitanda, limefungwa khanga mbili, tangu sisi wadogo. Ni gitaa la Kijapani, jekundu lililopauka. Baba alirudi nalo Unguja mwaka 1991 baada ya kupiga muziki Dar es Salaam miaka mingi, katika bendi ambayo siku hizi haipo. Alikuwa akilitoa mara chache, Mama anapokuwa hayupo, analipiga bila ya kuliunganisha na kitu, sauti ndogo kama ya mbu. Hatukumuuliza lolote, naye hakutuambia.

Tena, Baba hakuwa mpiga solo, yule anayekumbukwa na kila mtu. Alikuwa mpiga rithimu, gitaa la kati, linalotandika njia ili wengine wapite. Ipo nyimbo moja ya bendi yake tuliyoikuta kwenye kanda ya zamani. Zama zile bendi zilikuwa zikiingia studio ya Radio Tanzania, zinapiga wote kwa pamoja, na kinachotoka ndicho hicho. Kwenye kanda ile unasikia waimbaji, tarumbeta, besi, na solo inalia juu. Baba yumo, lakini ni kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Tangu utotoni tulikuwa tukitega masikio kumtafuta, hatumpati vizuri.

Usiku ule tukamwambia: "Baba, tunataka kukurekodi."

Akacheka. "Rithimu peke yake ni wali bila mchuzi. Nani atakula?"

"Sisi tutakula."

Akafikiri, kisha akatoa sharti lake. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tano. Mwezi ule yeye gitaa haligusi, na baada yake, kwa vidole vile, hatuahidi kitu. Kwa hivyo tulikuwa na wiki tano na nyimbo sita, zote alizozitunga mwenyewe.

Hapa tuseme neno moja. Tunajua katika nyinyi wapo wasioukubali muziki wa ala, na wana hoja zao, na tunawaheshimu. Hatukuja kutoa fatwa. Tulichokuwa nacho mbele yetu ni mzee wetu na kitu alichokibeba maisha yake yote, na tulitaka kumfanyia wema akiwa hai, tusije tukalia juu ya kaburi. Pia tulimkumbuka mwenzetu wa Fumba, Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, bahari yote ile, ili sauti yake iingie kwenye santuri. Sisi tulikuwa na laptopu ya hesabu za duka na simu mbili. Tungekuwa na udhuru gani?

Mara ya kwanza tulirekodi chumba cha mbele cha nyumbani. Kuta za matofali, sakafu ya saruji, juu mabati. Tuliazima amplifaya ndogo, tukaiweka pembeni kwenye kona isitusumbue, tukaweka simu juu ya meza, Baba akapiga. Kwa masikio yetu chumbani ilikuwa nzuri. Tulipoisikiliza kwenye simu ilikuwa kama sauti inayotoka ndani ya pipa, kila noti imeikalia mwenzake. Tukaongeza sauti. Tukatia mwangwi, maana tulisikia kuwa mwangwi hupendezesha. Ikazidi kuwa uji.

Tukamwita mtoto wa shangazi yetu, ambaye anawarekodi vijana wa Zenji flava katika kichumba chake Jang'ombe. Alisikiliza hata nusu dakika haikufika. Akasema: "Mumerekodi ukuta. Gitaa liko nyuma ya ukuta."

Akatueleza. Sauti ikitoka kwenye spika haiji kwenye maiki peke yake. Inakwenda ukutani, sakafuni na darini, inarudi imechelewa kidogo, inaipanda ile iliyofika mwanzo. Masikio yetu chumbani yanajua kuchagua. Maiki haichagui, inachukua yote. Na kona ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sauti nzito hujikusanya pale, gitaa linavimba. Kisha akatugeukia: "Na nyinyi mna chumba kimejaa vitambaa mtaani, munakuja kurekodi kwenye saruji?"

Wallahi tulicheka. Siku ya pili, baada ya kufunga kazi, tukahamia chumba cha cherehani.

Hapo mafundi cherehani mtatuelewa haraka. Kitambaa chepesi hakisaidii. Khanga na shifoni sauti inapita kama hewa. Kinachosaidia ni kizito na kinene: mahameli, blanketi, kitambaa cha koti, magodoro. Na pazia lililonyooka halifanyi kazi kama pazia lenye marinda. Tulitundika mapazia mazito ya mteja mmoja (alikubali, msituseme) yakiwa na kitambaa mara mbili ya upana wa ukuta, na hatukuyabandika ukutani. Tuliacha nafasi ya kiganja kati ya pazia na ukuta. Tukapanga majora ya kitambaa cha sare nyuma na kushoto. Amplifaya tukaitoa konani, tukaipandisha juu ya stuli isiguse sakafu. Mmoja wetu akapiga kofi katikati ya chumba. Nyumbani kofi lile lingelia na kurudi. Hapa lilikufa palepale. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kukijaribu chumba, haina gharama.

Kikaja kizaazaa cha umeme. Gitaa likiunganishwa tu, linaguruma mmmm, hata Baba hajagusa uzi. Vile visumaku vilivyo chini ya nyuzi, ambavyo wapigaji huviita pikapu, kazi yake ni kuzisikia nyuzi za chuma, lakini vya gitaa la Baba ni vya aina inayosikia na umeme wa nyumba. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na mngurumo ule ndio huo. Tukazima cherehani zote kwenye soketi, na si kwa swichi ya mguu tu. Tukazima taa za mirija, tukawasha taa ya betri. Tukachomoa chaja ya laptopu, tukaiacha itumie betri yake. Feni pia tukaizima, jasho likatutoka. Kila kilichozimwa kilipunguza kidogo. Kilichobaki Baba alikimaliza mwenyewe: aligeuka na kiti chake polepole, gitaa mapajani, kama anayetafuta kibla, na alipofika mahali mngurumo ukanywea. "Zamani jukwaani tulikuwa tunasimama hivi hivi," akasema. Alikuwa akijua tangu mwanzo, anatuacha tujifunze.

Na nyuzi. Kisiwani hapa hewa ya bahari inakula chuma, mnajua sindano zetu zinavyoota kutu. Nyuzi za Baba zilikuwa nyeusi. Uzi wenye kutu haung'ai, hata ufanye nini kwenye kompyuta. Tukanunua seti mpya, tukambadilishia, tukazivuta mpaka zikatulia, na kila akimaliza kupiga tunazifuta kwa kitambaa kikavu. Fedha kidogo, lakini ndiyo iliyobadilisha sauti kuliko kitu chengine chochote tulichonunua.

Kikubwa tulichonunua ni kadi ya sauti, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya maiki na laptopu. Tuliipata mkononi kwa laki mbili na nusu, pesa za sare za Januari. Maiki tuliazimwa na mtoto wa shangazi, Shure SM57, ambayo mafundi wengi duniani huiweka mbele ya amplifaya ya gitaa. Programu tulitumia Audacity, ambayo ni ya bure.

Mahali pa maiki palitupotezea usiku mzima, lakini ulikuwa usiku wenye faida. Ukiielekeza katikati kabisa ya spika, sauti inakuwa kali, inachoma. Ukiisogeza ukingoni, inakuwa laini lakini imezibwa, kama mtu aliyejitanda blanketi. Mmoja wetu akaisogeza kidogo kidogo, mwengine akasikiliza kwa hedifoni, mpaka tukapata mahali katikati ya hayo mawili, karibu na chandarua cha spika, upana wa vidole viwili. Tukaweka alama ya chaki sakafuni na kipande cha utepe kwenye amplifaya, kama tunavyotia alama kitambaa kabla ya mkasi. Kila usiku tukarudi palepale.

Sauti yenyewe tuliiweka chini kuliko tulivyodhani. Kwenye kompyuta kipimo cha juu ni sifuri, na ukigonga sifuri sauti inapasuka na haishonwi tena. Tulimwambia Baba apige kwa nguvu zake zote, tukashusha mpaka ncha za juu zikawa karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Wimbi linaonekana dogo, lakini liko zima. Kuongeza baadaye ni rahisi. Na kwenye amplifaya tukatoa mikwaruzo yote, maana gitaa la dansi ni safi, kila noti inatakiwa ihesabike.

Basi Baba akaanza. Tulirekodi baada ya isha, mtaa umetulia. Kila usiku alikuwa na dakika 20 hivi kabla vidole havijafura. Anapiga, anapumzika, anatumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anarudi. Usiku wa pili mvua ikashuka juu ya mabati, tukapoteza kazi yote. Usiku wa tatu alipiga nyimbo ya polepole, ile tuliyoipenda kuliko zote.

Katika nyimbo ile tuliona jambo. Anapiga kifungu, halafu ananyamaza. Anaweka kiganja juu ya nyuzi, anatikisa kichwa, kisha anaendelea. Mara nne, nafasi ile ile. Tukadhani vidole vinamuuma na anaona aibu kusema. Hatukumuuliza.

Tukaingia kwenye kusafisha. Hapa ndipo tuliposoma somo la kwanza: usafi wa gitaa unakuja kwa kutoa. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukiwa wazi, unatikisika kama mara 82 kwa sekunde. Chini ya hapo hakuna gitaa, kuna vishindo vya miguu na magari ya barabarani. Tukakata kila kilicho chini ya hezi 80. Kati ya 200 na 400 ndipo uji unapokaa. Tukapunguza kidogo, si kwa pupa, maana tukizidisha gitaa linakonda kama waya. Mguso wa kidole kwenye uzi, ule unaokufanya uijue kila noti, uko kati ya 2,000 na 4,000; tukainua nusu kijiko, tuseme hivyo. Mwangwi mdogo sana. Na kila tulipobadilisha kitu tulizima tukasikiliza bila yake, maana sikio linadanganyika: chochote kilichoongezwa sauti huonekana kizuri.

Lakini zile nafasi nne zilitusumbua. Zilibaki tupu, unasikia pumzi ya amplifaya tu. Sisi ni mafundi, tundu hatuliachi. Tukachukua vipande vya Baba mwenyewe kutoka mwahala mwengine, tukavikata, tukavibandika pale, tukatia mwangwi juu kuficha mshono. Tuliona fahari. Huwezi kujua kiraka kiko wapi.

Ijumaa baada ya alasiri tukampelekea. Alikuwa amekaa ukumbini, Mama anapepeta mchele mlangoni. Tukamvisha hedifoni. Alisikiliza huku anatabasamu, sisi roho zetu juu. Ghafla akazitoa.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi hapa sipigi."

"Tulikujazia. Palikuwa patupu."

Akakaa kimya muda. Kisha akasema: "Hapakuwa patupu, wanangu. Hapo ndipo anapoingia mwenzangu."

Hatukuwahi kulisikia jina la mwenzake mpaka siku ile. Alikuwa mpiga solo, mtu wa Tanga. Walikuwa wakilala chumba kimoja Magomeni, miaka minane, wakigawana chakula na kiatu cha kwendea kazini. Nyimbo zile sita Baba alizitunga kwa ajili ya mikono miwili: wa kwake na wa mwenzake. "Rithimu asiyejua kunyamaza," akasema, "anamuua solo. Kazi yangu ilikuwa kumwachia mlango wazi." Baba aliporudi Unguja waliahidiana kukutana. Mwaka uliofuata mwenzake akafa, na khabari ilimfikia Baba watu wameshamaliza matanga. "Zaidi ya miaka thelathini," akasema, "na bado namwachia."

Tulitamani sakafu ipasuke. Tulikuwa tumeziba mlango wa mtu.

Mdogo wetu wawili akauliza lile ambalo sote tulikuwa nalo kifuani: "Baba, kwa nini hukutufundisha?"

"Hamkuniomba. Na mimi nilidhani munanionea haya."

Mama aliweka ungo chini. "Usijibebeshe peke yako," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia alitie uvunguni. Nilichoka na maneno ya watu." Kisha akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mablanketi yake mawili mazito ya kutoka Oman, yale yasiyotumiwa ila kwa mgeni. "Chukueni. Mulisema mazito ndiyo yanayofaa."

Al-hamdulillah, faili la mwanzo tulikuwa hatujaligusa. Tulifanyia kazi nakala. Tukavifuta viraka vyote. Tukazirudisha nafasi nne kama alivyoziacha. Na ajabu ni kwamba gitaa lilisikika wazi zaidi. Sasa unasikia anavyotua, anavyonyanyua kiganja, hata kiti kinavyolia. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba sehemu kubwa ya uji wetu ilikuwa ni woga wetu wa ukimya.

Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Mdogo, ambaye kumbe alikuwa akijifunza gitaa kwa siri kwenye simu kwa muda wa mwaka mzima (ndiyo, na mkubwa hakujua), akamwomba Baba amfundishe alichokuwa akipiga mwenzake. Baba hakuweza tena kukipiga. Akakiimba kwa mdomo, ti-ri-ri. Noti tisa katika kila nafasi, hazifanani. Alimrudisha mara mia. "Usikimbie. Yeye alikuwa akichelewa kidogo, makusudi."

Tulimrekodi usiku wa manane, jirani wana mtoto mchanga, kwa hivyo hatukuwasha amplifaya. Gitaa tuliliunganisha moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, pale penye kitufe cha gitaa. Bila ya kukibonyeza sauti inatoka dhaifu na imefifia, ukikibonyeza inafunguka. Sauti ya namna hii huwa kavu, tukaipitisha kwenye programu inayoiga amplifaya. Alimsikiliza Baba kwenye hedifoni na kumfuata.

Kuwaweka pamoja ikawa kama kupanga wageni ukumbini. Mwanzo wote wawili walikuwa katikati, wakagombana. Tukamkalisha Baba kushoto kidogo, mdogo kulia kidogo. Baba ndiye mwenye mwili, basi tukampunguzia mdogo uzito wa 300, Baba apate pa kukaa. Hatukumpandisha mdogo juu kwa sababu ni solo. Alikuwa tayari anasikika, maana Baba alimnyamazia. Kisha tukasikiliza kwa hedifoni, kwa spika ya redio, na mwisho kwa simu yenye spika moja, kwa sababu huko ndiko watu watakakosikiliza. Kama kwenye simu magitaa yote mawili unayasikia, umefaulu.

Tulimaliza nyimbo tano. Ya sita Baba aliianza mara tatu, akaacha. Akasema Mungu ametupa tano, tushukuru. Usiku wa mwezi kuandama gitaa lilifungwa tena khanga zake, lakini Mama hakuliruhusu kurudi uvunguni. Liko juu ya kabati, na mdogo ana ruhusa ya kulishusha.

Nyimbo ya polepole tunayo kwa namna mbili: moja ya watu wawili, moja ya Baba peke yake na nafasi zake. Tulimuuliza anaitaka ipi. Siku ya pili ya Idi tulimkuta barazani na simu sikioni, anasikiliza ile ya peke yake. Alipofika penye nafasi, midomo ikatikisika. Alikuwa anaijaza mwenyewe, kimya kimya.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, tumuachie machache. Anza na chumba kabla ya kununua kitu. Zima kila kinachokula umeme. Badilisha nyuzi. Rekodi kwa sauti ya chini. Toa kabla ya kuongeza. Weka faili la mwanzo la WAV mahala pawili, wala usitegemee lile ulilotuma WhatsApp, maana huweza kubanwa likapoteza. Na ukikuta nafasi tupu katika maneno au muziki wa mzee wako, usiizibe. Muulize kwanza ni ya nani.

Allah awape afya wazazi wetu waliopo, na awarehemu waliotangulia. Wiki ijayo in shaa Allah tutarudi kwenye mapazia. Yule mteja ameshayachukua ya kwake, na hajajua yamesikia nini.